Madhali Tuko Hapo

Jumamosi, 28 Juni

Banda la gari lina upana wa futi 14 na urefu wa futi 24. Ndani yake tunatakiwa kuenea Land Rover 109 ya mwaka 1969, benchi la useremala, pipa la oili chafu, baiskeli ya watoto isiyo na tairi la mbele, na mimi. Leo mke wangu ameongeza meza. Binti yetu anapata kipaimara Jumapili ya tarehe 10 Agosti, wageni watakula hapa nyumbani, na meza tuliyonayo inatosha watu sita wanaopendana. Yeye anataka ya watu kumi na wawili, na moja alikuwa ameshaiona dukani.

Nilimweleza kwamba ile ya dukani ni chipbodi iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao, na kwamba wiki sita zinatosha kabisa kutengeneza ya mninga, itakayorithiwa na wajukuu. Aliniangalia mimi, kisha akaiangalia Land Rover, ambayo mwaka juzi nilisema itachukua wiki mbili.

"Sawa, baba," akasema. Alilitamka kwa adabu sana.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada jirani alikuja kukagua. Ni mzee mstaafu wa jeshi; ameendesha na kutengeneza Land Rover kambini miaka mingi, na huingia bandani mwangu moja kwa moja kwa hoja kwamba hodi ni ya nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana."

Nina miaka hamsini na moja.

Aliuliza tena kwa nini gari langu halikuonekana kwenye tamasha la Land Rover hapa Arusha, Oktoba 2024, wakati yale ya wenzangu yalijitokeza kwa mamia. Nilimwambia siku ile lilikuwa na udhuru. Akauliza udhuru gani. Nikamwambia halikuwa na giaboksi.

Jumatano, 2 Julai

Nilikwenda na Land Rover kuchukua mbao: sita za mninga, inchi 2 kwa 8, futi 10, pamoja na vipande vya 4 kwa 4 vya miguu. Muuzaji aliapa kwamba zimetoka Tabora na zimekauka miaka miwili kamili. Mafundi hukadiria mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo jibu lake lililingana na kitabu kuliko nilivyopenda.

Langoni mwa yadi pana shimo. Gurudumu la nyuma la kulia liliingia, nikaongeza mafuta, nikasikia mlio mmoja mkavu, kama wa mtu anayevunja muwa gotini. Injini ikaendelea kunguruma. Gia iliingia, klachi niliiachia, gari likabaki pale pale. Nyuma yangu pikipiki tatu zilipiga honi kunijulisha kwamba sijaondoka.

Shafti ya ekseli ilikuwa imekatika. Land Rover za wakati huo, zenye ekseli ya nyuma ya Rover na shafti ya meno 10, zinajulikana kwa ugonjwa huu. Difu, kwa maumbile yake, shafti moja ikikatika hupeleka nguvu zote upande ule usio na kazi ya kufanya. Nimewahi kuajiriwa katika ofisi mbili zenye mpango huo huo.

Dawa imo ndani ya gari. Kuna kitufe cha njano karibu na gia. Ukikikandamiza, magurudumu ya mbele nayo yanapata nguvu, na gari linarudi nyumbani likivutwa na pua. Nilifika salama. Uani nilivuta mkono mwekundu nyuma, nikaurudisha mbele ili kitufe cha njano kiachie, nikavuta hendibreki, nikashuka kufungua kamba za mbao.

Hapa inafaa kueleza kwamba hendibreki ya Land Rover hii haishiki magurudumu. Inashika propela shafti ya nyuma, mgongoni mwa giaboksi. Ikiwa kati ya propela na gurudumu kuna shafti iliyokatika, hendibreki inashika kwa uaminifu kitu ambacho hakijaungana na ardhi. Ua wetu unateremka kuelekea bandani. Gari liliondoka taratibu, likaingia bandani katikati kabisa bila kugusa nguzo, likasimama lilipofika kwenye rafu ya makopo. Sijawahi kuliegesha vizuri namna hiyo. Lita nne za rangi ya samawati zilimwagika.

Mke wangu alikuwa dirishani jikoni. "Umeshuka wewe," aliuliza, "au limekushusha lenyewe?"

Alhamisi, 3 Julai

Nimepasua mbao mbili. Vumbi la mninga huwasha pua za baadhi ya watu. Miongoni mwao nimo. Kuku pia.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, mapumziko. Nimefungua ekseli.

Uzuri wa ekseli hii ni kwamba uzito wa gari haubebwi na shafti bali na kasha lenyewe. Unafungua bolti sita kwenye uso wa gurudumu, unavuta shafti nje, gurudumu linabaki mahali pake, hata jeki huihitaji. Ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye spana za inchi. Sanduku langu lina kila saizi kuanzia milimita 8 hadi 24. Nati ya inchi 9/16 ni milimita 14.29: spana ya 14 haiingii, ya 15 inazunguka peke yake huku ikiilainisha nati pembe zote. Kabla jirani hajaleta spana zake, mbili zilikuwa zimeshakuwa duara. Hizo tulizitoa kwa patasi ya useremala, ambayo kuanzia leo ni patasi ya gari.

Kipande cha nje cha shafti kilitoka vizuri. Cha ndani kilibaki kwenye difu. Jirani alisema kinatolewa kwa sumaku iliyofungwa kwenye mti mrefu. Mti ulipatikana: nilichana ufito kwenye ubao wa mninga, ule ulionyooka kuliko yote. Sumaku ilipatikana kwenye spika ya redio ya zamani. Kwa mujibu wa kijana wangu wa mwisho, redio hiyo haikuwa ya zamani.

Bolti nilizitia kwenye bakuli la sumaku, lile ambalo mafundi hulibandika kwenye bodi ya gari ili vitu visipotee. Nililibandika kwenye madigadi. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa bado cha mgao Uingereza kwa sababu ya vita vilivyopita, alumini ikawa rahisi kuipata, na bodi ikatengenezwa kwa alumini. Sumaku haishiki alumini. Bolti sita zilitawanyika sakafuni. Tano zimeonekana.

Ilipofika saa kumi kazi ilikuwa imekwisha, isipokuwa kununua shafti. Ndipo jirani aliposema: "Kijana, madhali tuko hapo, tuangalie na breki."

Tuliinua gari kwa jeki, tukatoa gurudumu, tukafungua ngoma. Silinda ya breki inavuja. Jirani aliitazama kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa ujana.

Jumanne, 8 Julai

Bolti ya sita imeonekana chini ya kiota. Kuku hawali chuma, wanakihamisha tu.

Ijumaa, 11 Julai

Nilikwenda Unga Limited kutafuta shafti. Kijana wa spea alinitolea moja iliyofungwa gazeti.

"Bosi, hii orijino. Imetoka kwenye gari ya Mzungu."

Nilimuuliza kama ni ya 109, ekseli ya Rover, si Salisbury. Akasema ni hiyo hiyo. Nilihesabu meno, yalikuwa 10. Nililipa.

Nyumbani shafti iliingia, ikaendelea kuingia, ikafika mwisho, na sehemu yake kubwa ikabaki nje. Difu ya gari hili haiko katikati; imekaa upande wa kulia, kwa hiyo shafti ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia. Niliyouziwa ni ya kushoto. Risiti imeandikwa kwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Jirani anasema ni akiba nzuri. Kwa kumbukumbu zilizopo, shafti ya kushoto ya gari hili haijavunjika tangu 1969.

Jumapili, 13 Julai

Ibada. Mchungaji aliuliza maandalizi yamefika wapi. Mke wangu alijibu kabla yangu: "Tunaomba Mungu."

Jumatano, 16 Julai

Ubao mmoja umenipaka rangi mikononi. Niliusugua kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikawa chekundu na ubao ukawa mweupe wenye mabaka. Vinyweleo vyake ni vya mgrivea, mti ambao wakulima wa huku na Kilimanjaro wameupanda miaka yote kuipa kahawa kivuli. Ni mti mzuri, sina ugomvi nao. Nilimpigia simu muuzaji.

"Mzee," alisema, "huo nao ni mninga. Ila bado kijana."

Mninga wa kweli huchelewa kukomaa, na unazidi kuadimika kadiri misitu ya miombo inavyokatwa. Hiyo ndiyo sababu bei yake inapanda na rangi ya viatu inapata soko jipya. Nilimweleza mke wangu hali ilivyo. Aliuliza ubao mweupe utakaa upande gani. Nikasema popote. Akasema basi ukae upande wa shemeji.

Jumamosi, 19 Julai

Kupiga randa. Ubao wa nne ulikuwa katikati umeme ulipokatika. Niliiweka randa ya umeme juu ya benchi, nikaendelea na randa ya mkono, ambayo haina habari na gridi. Kwa mti kama mninga, mkono unatosha: unapigika vizuri, na maranda yake yanatoka marefu yakiwa yamejikunja, ya rangi ya asali iliyoiva. Saa nzima ilipita bila tukio. Naliandika hilo kwa sababu ni haki liandikwe.

Umeme uliporudi, swichi ya randa ilikuwa bado imefungwa kwenye kuwaka. Ilisafiri urefu wote wa benchi peke yake, ikashuka, ikasimama kwenye kiatu. Kiatu hakikuwa na mtu. Ni chombo cha pili mwezi huu kuondoka bila mimi.

Jumanne, 22 Julai

Siku ya gundi. Ili kuunganisha mbao sita ubavu kwa ubavu, kila baada ya futi moja na nusu hivi unahitaji kibano. Ninavyo vitatu, na kimoja kinashika pale tu kinapotaka.

Lakini kati ya bampa ya Land Rover na ukuta wa nyuma kuna nafasi ya futi tano. Bampa ile ni chuma kimoja kizito kilichonyooka, kitu adimu katika nyumba hii. Niliweka mbao juu ya farasi wawili wa mti, kimo cha bampa, nikapaka gundi, nikaweka boriti upande wa ukuta na boriti upande wa gari, katikati nikatia jeki ya skrubu nikaanza kuzungusha. Hakuna kibano dukani chenye nyuma yake tani moja na nusu.

Tatizo lilikuwa moja: jeki hiyo ndiyo iliyokuwa imeshikilia ekseli ya nyuma tangu Saba Saba. Kabla ya kuitoa niliweka chini ya ekseli kitu kingine cha urefu ule ule. Kitu hicho ni mguu wa nne wa meza, ukisaidiwa na tofali. Jirani alisema asingekubali kulala chini ya gari lile. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

Gundi ilianza kutoka kwenye viungo, nyuzi nyembamba zilizolingana urefu wote, dalili kwamba mkandamizo umeenea. Nikaongeza mzunguko mmoja wa uhakika. Gari halikusogea. Ukuta ulisogea. Tofali mbili za sementi zilitoka, zikaangukia upande wa pili, na baada ya hapo nikasikia kuku wa jirani wakijadiliana.

Jioni ilikuwa na baridi ya Julai, na gundi nyeupe haipendi baridi. Niliwasha jiko la mkaa ili kupasha banda joto. Mke wangu aliingia, akaangalia jiko, akaangalia dumu la dizeli, akaangalia maranda yaliyojaa sakafuni. Alilibeba jiko bila kusema neno. Tulikula maharage.

Alhamisi, 24 Julai

Nilikwenda kwa jirani kuomba radhi ya tofali, maana banda la kuku wake limeegemea ukuta wetu.

Alinikaribisha chai. Alisema kwamba kwa muda mrefu alikuwa akifikiria kuwapatia kuku wake dirisha, na kwamba halihitaji kuzibwa. Anachotaka ni kigoda. Cha mninga, si cha yule kijana.

Nimekiandika kwenye orodha ya kazi, chini ya kazi nyingine zote.

Jumamosi, 26 Julai

Uso wa meza umeshikana. Nimejaribu kuupinda, umekataa. Urefu futi 8, upana futi 4 kasoro, unene inchi 2 kasoro kidogo baada ya randa, uzito karibu kilo 100. Shemeji, aliyekuja kusaidia kuubeba, alisema hii si meza, ni daraja.

Miguu mitatu ilisimama mchana. Uso sikuufunga kwa gundi kwenye fremu. Umeshikwa na vipande vya mbao vilivyoingia kwenye mfereji, kwa kuwa ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana kulingana na unyevu wa hewa, na ukiufunga usipumue utapasuka ili upumue. Viungo vya miguu ni ulimi na tundu, bila msumari. Hii ni sehemu ya kazi ambayo ningependa wageni waione, na ndiyo ambayo meza ikisimama haionekani.

Mguu wa nne ulikuwa bado kazini. Jeki yangu, baada ya ile habari ya ukuta, skrubu yake imepinda na inazunguka upande mmoja tu, ule wa kushuka. Jirani alileta jeki yake ya lori, akainua ekseli, mguu ukatoka, mawe mawili yakaingia. Mguu una doa la oili ya difu lililopenya kwenye vinyweleo. Msasa wa 80 haukulitoa, wala wa 120. Nimeligeuzia ndani.

Jioni nilisawazisha meza kwa pima maji. Kiputo kilikuwa kinakimbilia upande mmoja, nikakata mguu kwa mguu, kidogo kidogo, hadi kikatulia katikati, kwa urefu na kwa upana. Nilimwita mke wangu akione. Alikiri kwamba kimekaa katikati.

Jumanne, 29 Julai

Nimepaka mafuta ya kitani, mkono wa kwanza. Mninga ukipata mafuta unabadilika mbele ya macho: kahawia inageuka kuwa nyekundu yenye michirizi ya dhahabu. Ubao wa mgrivea nao ulibadilika. Umekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Matambara niliyapachika kwenye ndoo nikaenda kula. Mafuta haya hayakauki kwa kupoteza maji bali kwa kuvuta oksijeni hewani, na kazi hiyo hutoa joto. Tambara likitandazwa joto linapotea, likikunjwa pamoja na mengine halina pa kwenda. Niliporudi, ndoo ilikuwa inatoa moshi kama vile imekaa inavuta sigara na kunisubiri. Niliimwagia maji. Ndoo ilikuwa ya plastiki, na sasa ni sinia. Tangu leo matambara yanatandazwa kwenye waya wa nguo, mbali na nguo, kwa amri.

Jumamosi, 2 Agosti

Silinda mpya ya breki imefungwa. Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua na kufunga skrubu ya kutolea hewa. Binti alikanyaga, kwa kuwa alisema Jumapili ijayo hataruhusiwa kuchafuka.

"Kanyaga. Shikilia. Achia."

Alikuwa hodari. Chupa ya mafuta ya breki ilikuwa imepumzishwa juu ya meza. Mafuta ya breki hula rangi na vanishi, na kwa mafuta ya kitani mabichi hayafanyi ubaguzi. Pamebaki duara moja lililokamilika. Mke wangu amepima meza kwa ajili ya kitambaa.

Jumatano, 6 Agosti

Shafti ya kulia haijapatikana popote. Gurudumu limerudishwa, breki zinashika, lakini pale shafti inapotakiwa kuwa pana tundu, na oili ya difu inapita. Nimechonga kifuniko cha mninga, duara, chenye matundu sita ya bolti, nikakitilia gasketi ya boksi la sabuni. Hakivuji. Sijasikia Land Rover nyingine yenye ekseli ya mninga.

Jirani alikigonga kwa kidole. "Jeshini," alisema, "hiki tungekificha kwa afande." Nimelipokea kama pongezi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Arusha nzima imekwenda Njiro viwanjani kuangalia ng'ombe. Sisi tumehamisha meza.

Meza iko nyuma ya banda, gari liko mlangoni, kwa hiyo gari lilitangulia. Betri, baada ya kukaa zaidi ya mwezi, ilikuwa na nguvu ya kuwasha taa ya dashibodi peke yake. Dizeli ya umri huu inataka hita zipashe silinda kwanza, na hita zinataka betri. Tulisukuma: shemeji, jirani, kijana wangu, na waendesha bodaboda wawili waliolipwa soda. Ua, uliolisaidia gari kuingia bila dereva, haukulisaidia kutoka. Hatimaye lilikaa chini ya mwembe, nikaweka mawe kwenye magurudumu yote manne. Hendibreki nayo niliivuta, kwa heshima.

Meza ilibebwa hadi sebuleni. Mlango ulitolewa bawaba. Fremu ya mlango nayo ikatolewa kipande. Mke wangu aliweka chungwa mezani ili aone litakavyopendeza. Chungwa lilifikiri kidogo, kisha likasafiri kutoka kwenye kiti cha mchungaji hadi cha shemeji, likaanguka.

Sakafu ya banda ilimwagwa zege kwa mteremko ili maji ya kuoshea gari yatoke: inchi 1 na nusu katika futi 8. Miguu ya meza inajua jambo hilo. Nilimwonyesha mke wangu kwa pima maji kwamba meza haina kosa, na kwamba iko sawa kabisa kwa mahali ilipojengwa.

"Kwa hiyo nyumba ndiyo imekosea," alisema.

Nilisema kwamba si nyumba yote.

Jumamosi, 9 Agosti

Meza imerudi bandani. Nilipendekeza kuikata miguu upya. Pendekezo halikupita. Wanawake wa mtaa wamefagia maranda, wametundika kanga ukutani kufunika rafu, na wamemwaga sabuni mahali palipokuwa na oili tangu tuhamie hapa. Mlango wa sebule bado umeegemea mwembe. Mpaka usiku nilikuwa naurudisha.

Jumapili, 10 Agosti

Kipaimara kimefanyika. Binti alijibu maswali yote. Wageni kumi na wawili walikula bandani wakizunguka meza, na wengine uani kwenye majamvi. Pilau haikuhama sahani. Glasi zilisimama. Mchungaji aliinamisha kichwa kubariki chakula, na katikati ya sala jogoo wa jirani alitoa kichwa kwenye dirisha lake jipya, akawika. Mchungaji alisubiri, akamalizia. Baadaye aliuliza ukuta ulipatwa na nini. Jirani alimjibu kwamba ni mpango wa hewa.

Shemeji aliketi upande wa mgrivea na hakuona tofauti.

Mzee mmoja kutoka Usa River, fundi seremala wa siku nyingi, aliingiza mkono chini ya meza, akapapasa kiungo cha mguu, akatikisa kichwa polepole. Akauliza nani kafanya. Niliendelea kumwagia chai. Kisha akapapasa mguu wa nne, akanusa vidole, akaniangalia.

"Oili ya difu," alisema. Alikuwa na Land Rover naye.

Jumatatu, 11 Agosti

Mke wangu ametoa uamuzi: meza inabaki bandani, banda ni chumba cha wageni, gari linabaki mwembeni chini ya turubai. Baiskeli bado haina tairi la mbele. Kigoda cha jirani nitakianza wiki hii. Jirani amesema nisisumbuke kuleta hadi kwake, atakuja kukifuata, na madhali atakuwa hapo tutaangalia giaboksi.

Kwa yeyote atakayesoma haya: natafuta shafti ya nyuma ya kulia ya Land Rover 109 Series IIA, ekseli ya Rover, meno 10. Ya Salisbury usilete. Ninayo ya kushoto, nzima, ya kubadilishana. Nitaongeza na kigoda. Njoo na spana zako za inchi.